Kuweka Linux kwenye Raspberry Pi ukiwa Lubumbashi: umeme kwanza, kadi pili, amri baadaye

Miongozo mingi ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, imeandikwa na watu ambao kwao umeme haukatiki. Inaanza na kupakua programu, inaishia na skrini nzuri yenye rangi, na humo katikati hukuti neno hata moja juu ya delestaji, yaani mgao wa umeme, inayoingia wakati mfumo unajisasisha. Mimi naanza upande wa pili. Kuweka Linux yenyewe, yaani mfumo endeshi, ni kazi ya muda mfupi. Kinachoamua kama kifaa kitadumu miaka au kitakufa kabla ya mvua za Novemba ni chaja, kadi na saa, na hayo matatu ndiyo yatakula sehemu kubwa ya maelezo haya.

Mfano wangu ni Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019. Hatua ni karibu zilezile kwa Pi 3, Pi 5 na Zero 2 W. Mwenye Orange Pi au bodi nyingine asiondoke, nitamfikia.

Chaja

Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3 kupitia USB-C. Pi 3 inataka ampea 2.5 kupitia micro-USB. Pi 5 inataka chaja ya ampea 5 ili itoe nguvu zake zote. Chaja ya simu uliyo nayo nyumbani huenda imeandikwa "5V 3A" kwa herufi nzuri, lakini mara nyingi tatizo halipo kwenye chaja, lipo kwenye kebo. Kebo nyembamba inapoteza volti njiani: zinatoka 5 kwenye chaja, zinafika 4.6 kwenye bodi. Ile 0.1 ya ziada kwenye chaja rasmi imewekwa makusudi kufidia hasara hiyo.

Ukiletewa chaja rasmi kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, angalia plagi. Kule wanatumia ile ya pini tatu nene kama ya Uingereza, na soketi zetu ni za pini mbili za duara. Utahitaji adapta, na adapta inayolegea ni sawa na kukata umeme mara kumi kwa siku. Nunua inayobana.

Utajuaje kama umeme unatosha? Bodi yenyewe inasema. Kwenye Pi 4, taa nyekundu ikizimika au kupepesa wakati bodi inafanya kazi, volti imeshuka chini ya 4.63. Baada ya kuweka Linux, amri hii inatoa jibu kamili zaidi:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu la `0x0` ni zuri. `0x50000` maana yake tangu bodi iwashwe volti ilishawahi kushuka na kasi ikapunguzwa. `0x50005` maana yake inatokea sasa hivi unaposoma. Badilisha kebo kwanza kabla ya kutupa chaja.

Umeme ukikatika

Hapa una njia mbili zenye maana: benki ya umeme, yaani power bank, au betri ya volti 12 ile ya sola.

Power bank ni rahisi, ila nyingi haziwezi kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja, na nyingine zinaweza lakini zinakata kwa nusu sekunde umeme wa ukutani unapoondoka au kurudi. Nusu sekunde inatosha kuizima Pi. Usiamini maandishi ya kwenye boksi. Unganisha kila kitu, washa, chomoa plagi ukutani, ngoja kidogo, irudishe, kisha andika `uptime`. Ikionyesha kwamba mashine imewaka kwa dakika moja tu, power bank hiyo peleka kwenye simu.

Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 ina kama wati-saa 84. Za asidi hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 42. Pi 4 isiyo na skrini wala diski nyingi inakula wati 3 hadi 4 ikiwa imetulia, na ukitoa hasara ya kigeuzi unabaki na kama saa 9. Huo ni usiku mzima. Katikati weka kigeuzi cha kushusha volti 12 hadi 5. Vile vidogo vyenye chipu ya LM2596 vimeandikwa ampea 3, lakini vikifikishwa huko vinapata moto hadi huvigusi, kwa hiyo chagua kikubwa zaidi. Na kabla ya kukiunganisha na bodi, chukua multimita, zungusha skrubu ndogo ya shaba mpaka isome 5.1, ndipo uunganishe. Kigeuzi kipya kinaweza kutoka dukani kikiwa kimewekwa volti 11, na bodi haitakupa nafasi ya pili.

Kadi

Pi haina diski ndani. Mfumo wote unaishi kwenye kadi ya microSD, na ukienda soko la Kenya au la Mzee Kabila utaambiwa, "Papa, hii ni original kabisa, giga 128." Bei yenyewe inacheka.

Kadi bandia haikatai kufanya kazi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ndani ina giga 8, lakini kidhibiti chake kimefundishwa kuiambia kompyuta kwamba ni 128. Unaandika Linux, inawaka vizuri, unafurahi. Siku unayovuka giga ya nane, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inapotea kimyakimya, na unaanza kuilaumu Linux. Kwa hiyo pima kabla ya kuandika chochote. Kwenye Windows kuna programu ndogo iitwayo H2testw. Kwenye Linux:

`sudo apt install f3`
`f3write /media/jina/KADI`
`f3read /media/jina/KADI`

Hiyo njia ni ile kadi ilikofungukia kwenye kompyuta yako. Amri ya kwanza ya f3 inajaza kadi yote, ya pili inasoma na kulinganisha. Kwa kadi ya giga 32 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde, kujaza tu kunachukua karibu saa moja. Nenda kapike. Mwishoni ukiona sehemu zilizopotea au kuharibika, rudisha kadi siku hiyohiyo wakati muuzaji bado anakumbuka sura yako. Giga 16 za kweli ni bora kuliko 128 za hadithi.

Imeji sahihi

Aliyezoea kompyuta ya kawaida anajua kwamba flashi moja yenye Linux inaamsha karibu mashine yoyote. Kwenye ARM, aina ya prosesa iliyo kwenye bodi hizi, si hivyo. Kompyuta ya Intel ina BIOS au UEFI, programu ya ndani ya kuamsha mashine, inayoieleza Linux kuna vifaa gani ndani. Bodi nyingi za ARM hazina huduma hiyo: orodha ya vifaa iko kwenye faili dogo linaloitwa device tree, na programu ya kuamsha imetengenezwa kwa bodi hiyo tu. Ndiyo maana imeji (faili lenye mfumo mzima) ya Orange Pi PC haitaamka kwenye Orange Pi Zero 3, hata kama jina linafanana na mtengenezaji ni yuleyule. Na ISO ya Ubuntu iliyoandikwa `amd64` haitaamka kwenye yoyote kati ya hizi. Tafuta `arm64` au `aarch64`.

Upande wa Raspberry Pi mambo ni mepesi: imeji moja ya Raspberry Pi OS ya biti 64 inaamsha Pi 3, 4, 5 na Zero 2 W. Pi ya kwanza kabisa ya mwaka 2012 na Zero ya kwanza zinahitaji ile ya biti 32.

Chukua toleo la Lite, lisilo na madirisha. Ni dogo, linakula mega chache za forfait yako ya intaneti, na kwa kazi nyingi ambazo watu wanazipa hizi bodi (kugawa Wikipedia ya Kiwix shuleni bila intaneti, kuhifadhi mafaili ya ofisi, kuchapisha) madirisha hayana kazi.

Kuhusu kupakua: ukienda mahali penye Wi-Fi nzuri, pakua faili la `.img.xz` zima ulihifadhi. Usitegemee programu ikupakulie moja kwa moja kwenye kadi kila mara, kwa sababu siku kadi ikiharibika utalipia mega zilezile upya. Kisha hakiki. Kwenye Linux andika `sha256sum` ikifuatiwa na jina la faili, kwenye Windows:

`certutil -hashfile jina-la-faili.img.xz SHA256`

Linganisha na namba iliyo kwenye ukurasa uliopakulia. Herufi moja ikitofautiana, faili limekatika njiani.

Kuandika kwenye kadi

Njia rahisi ni programu ya Raspberry Pi Imager, inayofanya kazi Windows, macOS na Linux. Unachagua bodi, faili ulilopakua, kadi, unabonyeza kuandika. Ikimaliza inasoma tena kuhakikisha. Ukiiacha ipakue yenyewe, inakupa pia nafasi ya kuweka mapema jina la mtumiaji, nywila, Wi-Fi na SSH (njia ya kuingia kwenye bodi kutoka kifaa kingine), jambo linalosaidia sana kama huna skrini.

Kwa mtu wa terminali, tambua kadi kwanza:

`lsblk`

Iangalie kadi ikiwa nje, kisha ikiwa ndani. Kilichoongezeka ndicho chako. Kwa kisoma kadi cha USB mara nyingi ni `sdb`, kwa kisoma cha ndani ya laptopu ni `mmcblk0`. Hakikisha mara mbili, kwa sababu amri inayofuata haiulizi swali lolote kabla ya kufuta:

`xz -dc imeji.img.xz | sudo dd of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress`

Bila `conv=fsync` terminali inaweza kusema imemaliza wakati data bado iko kwenye kumbukumbu ya laptopu, na ukichomoa hapo unapata kadi nusu.

Kuwasha, na ile kibodi yetu

Weka kadi, unganisha televisheni kwenye tundu la HDMI lililo karibu na la umeme (Pi 4 ina mawili madogo), unganisha kibodi, na umeme uwe wa mwisho. Pi 4 haina kitufe cha kuwasha. Mara ya kwanza mfumo unajipanua ujaze kadi na unaweza kujizima na kujiwasha. Usiguse.

Kisha utaulizwa kibodi. Hapa ndipo watu wa Lubumbashi wanapokwama bila kujua. Mfumo unakuja ukidhani kibodi yako ni ya Kiingereza, na yako ni AZERTY, yaani ya Kifaransa. Ukipita haraka ukaweka nywila yenye herufi `a`, mfumo umeandika `q`. Nywila haionekani ikiandikwa, kwa hiyo huoni kosa. Siku utakayounganisha kutoka kwenye simu na kuandika `a` ya kweli, mlango haufunguki. Chagua French hapo mwanzoni, ndipo uweke jina na nywila. Hakuna jina wala nywila ya kuzaliwa nayo tena. Zile `pi` na `raspberry` za miongozo ya zamani ziliondolewa mwaka 2022.

Mwenye Orange Pi, Banana Pi au nyingine: pakua Armbian ya bodi yako hasa, iandike kwa `dd` vilevile. Mara ya kwanza unaingia kwa `root` na nywila `1234`, halafu inakulazimisha kuweka mpya na kuunda mtumiaji. Kwenye AZERTY tumezoea kubonyeza Shift ili kupata namba. Usibonyeze. Mfumo unaona kibodi ya Kimarekani, na ukishika Shift unaupa `!@#$`. Ni jambo dogo, lakini watu wameshaamua bodi imekufa kwa sababu hiyo.

Hakuna picha kabisa? Tazama taa ya kijani ya Pi. Ikipepesa mara nne, ikatulia, ikarudia, haikupata faili la kuanzishia (`start.elf`). Mara saba, haikupata keneli, yaani kiini cha Linux. Kwa vyovyote kadi imeandikwa vibaya. Isipopepesa hata mara moja, bodi haisomi kadi: itoe, futa vumbi kwenye dhahabu zake, irudishe. Kati ya Mei na Septemba vumbi jekundu linaingia hata lilipofungiwa.

Mtandao na saa

Wi-Fi ya Pi inabaki imefungwa mpaka useme uko nchi gani, kwa sababu za sheria za masafa. Msimbo wetu ni CD. CG ni wa Kongo-Brazzaville, ng'ambo ya mto.

`sudo raspi-config nonint do_wifi_country CD`
`sudo nmcli device wifi connect "JINA" password "NYWILA"`

Ukitumia hotspoti ya simu na Pi 3B au Zero 2 W haiioni, nenda kwenye mipangilio ya simu uiweke kwenye gigahezi 2.4. Hizo mbili hazijui 5. Kisha ruhusu SSH kwa `sudo systemctl enable --now ssh`, na tangu hapo unaweza kurudisha televisheni sebuleni kabla ya mechi.

Majira ya saa: ukifuata mwongozo wa Kifaransa uliotoka Kinshasa utaweka `Africa/Kinshasa` na kila kitu kitachelewa saa moja. Sisi tuna yetu, na inatumika pia Goma na Bukavu:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`

Sasa lile la saa nililoahidi. Pi 4 na zilizotangulia hazina betri ya saa. Zikizimwa, hazijui muda uliopita. Zikiamka zinaanza na saa ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi, mpaka zipate intaneti ya kujirekebisha. Kama umeme ulikatika Jumamosi ukarudi Jumatatu na mega zimeisha, kifaa chako bado kiko Jumamosi. Mafaili yanapata tarehe za uongo. Ukijaribu kusasisha kabla saa haijarekebishwa, `apt` inagoma ikisema orodha "is not valid yet", yaani imetoka siku zijazo, na tovuti zenye HTTPS zinaweza kukataliwa kwa sababu hiyohiyo. Watu wanasaka kosa kwenye mtandao wakati dawa ni `date`.

Dawa ya kudumu ni moduli ndogo ya saa, DS3231, yenye betri ya kidonge. Pini nne: umeme kwenye pini ya 1, SDA kwenye 3, SCL kwenye 5, ardhi kwenye 9. Ipe volti 3.3 za pini ya 1, kamwe si 5 za pini ya 2, kwa sababu pini za data za Pi hazivumilii 5. Ongeza mstari huu mwishoni mwa `/boot/firmware/config.txt`:

`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Anzisha upya, kisha `sudo hwclock -r` ikusomee saa. Kama amri haipo, ipate kwa `sudo apt install util-linux-extra`. Pi 5 ina saa ndani, unanunua betri yake tu.

Kusasisha bila kuomba Mungu

`sudo apt update && sudo apt full-upgrade`

Fanya hivi ukiwa kwenye betri, na ndani ya `tmux` (programu inayoshikilia kazi hata ukikatika) kama umeingia kwa SSH, ili hotspoti ikikatika kazi iendelee upande wa pili. Umeme ukikushinda katikati ya kazi, usianze kuandika kadi upya. Washa, kisha:

`sudo dpkg --configure -a`

Mara nyingi inaokota pale ilipoachia.

Kuifunga kadi isiandikwe

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Kadi haiharibiki kwa kusomwa. Inaharibika umeme unapoondoka wakati inaandikwa, na Linux inaandika muda wote: kumbukumbu za mfumo, saa, vitu vidogo usivyoviona. Ukishaweka kila programu unayohitaji na kila kitu kinafanya kazi, ingia:

`sudo raspi-config`

Nenda Performance Options, kisha Overlay File System, ukubali. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa kinakwenda kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, na kinapotea mashine ikizimwa, kadi haiguswi. Kijana akichomoa waya achaji simu yake, hakuna kinachoumia. Ukitaka kusasisha au kubadili kitu, unaondoa overlay, unaanzisha upya, unafanya kazi yako, unairudisha.

Data inayopaswa kubaki, kama mafaili ya wanafunzi, iweke kwenye diski ya USB ya pembeni, na usajili wake kwenye `/etc/fstab` uwe na neno `nofail`. Bila hilo, siku diski ikichomolewa mfumo unakataa kuamka ukiingoja. Overlay inaweza kuifunika diski hiyo pia, kwa hiyo ukishaiwasha andika faili moja humo, anzisha upya, uhakikishe bado lipo.

Kabla ya kufunga overlay, zima kwa `sudo poweroff`, subiri taa ya kijani itulie, toa kadi, ipeleke kwenye laptopu na uinakili yote:

`sudo dd if=/dev/sdb of=pi-tayari.img bs=4M status=progress`

Andika nakala hiyo kwenye kadi ya pili ya ukubwa uleule au zaidi kidogo, ifunge kwa karatasi, ibandike ndani ya kasha la Pi. Anayebaki na kifaa Ruashi au Kipushi hahitaji kujua `dd` ni nini. Ikikataa kuamka, anabadilisha kadi.

Jambo la mwisho ni radi. Kama bodi imeunganishwa kwa kebo ya mtandao inayopita nje ya nyumba au kwa antena ya juu ya paa, waonyeshe wanaobaki nayo kebo ya kuchomoa mawingu yakianza kuwa meusi. Chaja inazuia kidogo kinachokuja kwa njia ya umeme. Kinachokuja kwa kebo ya mtandao kinaingia moja kwa moja kwenye bodi.